Mrithi wa Chumba cha Mitungi

Mgeni wetu alifika saa tatu kasoro robo, mapema kuliko alivyoambiwa, na jambo la kwanza alilofanya ni kuniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba huku nikijihesabia miaka. Nilipokuja idara hii mara ya kwanza, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaamkia watu.

"Wewe ndiye dada atakayenitembeza?" akauliza.

"Ndiye mimi. Karibu sana, hapa ni nyumbani."

Hilo neno la nyumbani nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni tangu alfajiri, mpaka likatoka bila kunikwaruza koo. Nilikuwa nimevaa gauni la harusi ya binamu yangu, nimepaka na rangi ya mdomo. Katibu wa idara, ambaye sote tunamwita Mama Mihuri, alinitazama kutoka juu hadi chini nilipopita mlangoni kwake, akasema, "Leo kuna mtu anaposwa." Mama Mihuri amekaa pale miaka ishirini na anajua kila kitu, na ubaya wake ni kwamba hasemi hata nusu yake.

Mgeni mwenyewe alikuwa bibi shamba. Ndivyo alivyojitambulisha, kwa fahari: bibi shamba wa ghala kubwa la nafaka, miaka minne kazini, umri ishirini na minane. Alikuwa na barua yake ya kukubaliwa kwenye faili la plastiki, na daftari la shule alilolijaza maswali kwa kalamu ya bluu, yamepewa namba moja mpaka kumi na tisa. Nilipoliona daftari lile nikaingiwa na wasiwasi, maana mwaka nilioletwa kutembezwa mimi sikuwa na swali hata moja. Nilikuwa na furaha tu.

Kabla sijaenda mbali niseme kwa nini msichana huyu alikuwa na thamani kwangu kuliko mgeni yeyote. Msimamizi wangu ni profesa mmoja tunayemwita Mzee Mitungi, bila yeye kusikia. Ana chumba chenye mitungi ya kioo mia mbili na arobaini, na ndani ya kila mtungi kuna mahindi na fukusi, wale wadudu weusi wadogo wanaotoboa nafaka. Fukusi hao ni ukoo mmoja. Wamezaana humo miaka ishirini na miwili, na hakuna kizazi hata kimoja kilichokatika. Ndio waliompa Mzee jina lake, ndio wanaofanya aalikwe kwenye mikutano ya ng'ambo. Sasa ukoo huo unataka mtu. Asubuhi na jioni mtu asome joto na unyevu na kuandika kwenye rejista, kila wiki achekeche na kuhesabu, kila mwezi abadilishe mahindi. Fukusi hawajui sikukuu. Mtu huyo ni mwanafunzi wake wa uzamivu, mmoja kwa wakati mmoja. Wawili hachukui, anasema watategeana.

Na kanuni yake haijaandikwa popote. Ukimaliza tasnifu unampelekea, anaipokea kwa mikono miwili, anaiweka kwenye droo ya chini, na humo inakaa mpaka apatikane mwanafunzi mpya. "Mwanangu," aliniambia siku nilipompelekea ya kwangu, "siwezi kuwaacha hawa wakawa yatima. Nipatie mrithi, siku hiyo hiyo nakusainia." Alisema kwa upole kabisa. Ndiyo shida yake, hana ukali ambao ungeweza kumshtaki nao. Kila mwezi ananiuliza habari za binti yangu, na jina lake analikumbuka.

Tasnifu yangu ilikuwa imekaa kwenye droo ya chini kwa mwaka mmoja na miezi mitano.

Mtaniuliza kwa nini mwaka jana sikupata mrithi. Mwaka jana alikuja kijana mmoja mrefu, mpole, na mimi nikajitia mtu mwema. Nilimkalisha kwenye ngazi za nyuma nikamwambia yote, droo na rejista na sikukuu. Akanishukuru mpaka nikaona aibu. Hata chakula cha mchana hakusubiri. Jioni yake Mzee Mitungi akanikuta korido akatikisa kichwa kwa huzuni. "Naona mwaka huu hatukubahatika," alisema. Hatukubahatika, yeye na mimi, utadhani tulikuwa tumekwenda kutafuta mchumba pamoja.

Wema ule ulinigharimu mwaka mzima. Binti yangu nilimwacha kwa dada yangu akiwa na mwaka mmoja, tukakubaliana miaka mitatu. Sasa ana saba. Dada yangu ndiye anayemwita mama, na mimi ananiita Mama wa Simu, hata hanikusudii ubaya, ndivyo anavyotutofautisha. Chuo cha kilimo cha kwetu kilikuwa kimenishikia nafasi ya kufundisha mpaka mwisho wa mwezi ule, ilimradi nipeleke barua kwamba nimewasilisha tasnifu. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Nani angenilaumu kwa rangi ya mdomo?

Na msinione mimi ndiye niliyeanzisha. Mimi pia nilitembezwa na dada mmoja, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Alinishika mkono akaniambia hapa hutajuta. Wiki tatu baada ya mimi kukubali alikuwa ameshawasilisha, na mwaka ule ule akavaa joho. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikawasha. Ilinichukua miaka mitatu kuelewa nilikuwa nikishangilia nini.

Basi tukaanza matembezi. Kwanza tulikwenda kwa mkuu wa idara, ambaye siku ya wageni hutoa vikombe vya maua kutoka kwenye kabati la kioo. Siku nyingine sisi tunakunywea vya plastiki. Alimsifia Bibi Shamba kwa alama zake, akaisifia idara, akamsifia Mzee Mitungi, akanisifia hata mimi, mtu ambaye majuzi aliniuliza kama bado nipo.

Bibi Shamba akafungua daftari. "Swali la kwanza, mkuu. Kwa kawaida mtu anamaliza kwa muda gani?"

"Miaka mitatu, minne," mkuu akajibu. "Inategemea bidii ya mtu."

Nikatazama chai yangu. Bidii ya mtu! Ningeweza kummwagia kikombe kile cha maua. Lakini nilikuwa na kazi siku hiyo, na kazi yenyewe ilikuwa kutabasamu, kwa hiyo nikatabasamu, na Bibi Shamba alipogeuka kunitazama akalikuta tabasamu liko tayari. Akaandika: mitatu hadi minne.

Nilimwonyesha maktaba, nikamwonyesha hadubini mpya ambayo haijafunguliwa kwenye boksi kwa sababu aliyekuwa na ufunguo amestaafu, hilo nikaliruka. Nikamwonyesha ubao wa picha za waliohitimu. Akasimama hapo muda mrefu. Alikuwa na tabia ya kusoma kitu mpaka mwisho, hata maandishi madogo chini ya picha, na tabia hiyo ilinitia hofu kuliko maswali yote kumi na tisa.

Tulipokuwa tunatembea korido ya kwenda chumba cha mitungi akaanza kunisimulia habari zake bila kuulizwa, kama mtu anavyofanya akishakuamini.

"Unajua dada, nimekubaliwa na kwingine pia. Idara ndogo, msimamizi wake hata hajulikani sana. Lakini wana wanafunzi wanne na wanapokezana kazi za maabara. Wanataka jibu leo kabla ya saa kumi, nisipowajibu wanampa mtu mwingine."

"Leo leo?"

"Leo. Ndiyo maana nimekuja kuona kwa macho yangu kwanza. Huku kuna jina, sibishi. Kule kuna utulivu. Nina mtoto. Ana mwaka na miezi miwili. Mama amekubali kukaa naye, lakini ameniambia miaka mitatu, zaidi ya hapo magoti yake hayamruhusu."

Nilikuwa natafuta ufunguo kwenye mkoba. Niliutafuta muda mrefu, na ulikuwa mkononi.

Nataka nieleweke hapa. Sikuwa sijui ninachofanya. Nilisikia mwaka na miezi miwili, nilisikia miaka mitatu, na niliona kwa macho yangu mtoto wa mtu anakua mpaka anamwita mama yake jina la kifaa. Nikafungua mlango, nikasema, "Karibu ndani, vua viatu hapo, vumbi la nje hatuliingizi."

Chumba cha mitungi kina joto la ishirini na saba mwaka mzima, na harufu ya unga uliokaa. Rafu zinagusa dari, mitungi imefunikwa shashi na kufungwa kwa mpira, kila mmoja na namba yake. Wageni wengi hukunja pua. Bibi Shamba alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi wa karibu, akainama, akaweka sikio.

"Wanatafuna," akasema, akacheka. "Ghalani kwetu nikisikia hivi nalia. Huyu bwana ana hazina, dada. Miaka ishirini na miwili! Unajua mtu anaweza kuuliza maswali mangapi na kitu kama hiki?"

Nilijua. Niliwahi kuwa na maswali hayo mimi, na mengine ni mazuri, yako droo ya chini. Alivyokuwa anazunguka rafu, anagusa lebo kwa ncha ya kidole, nilimwonea wivu. Kisha nikamwonea huruma. Kisha nikamkasirikia, kwa sababu alikuwa anapenda kitu ambacho mimi nimeshakichukia, na alikuwa sahihi kukipenda.

Halafu akaifikia rejista.

Rejista inakaa kwenye meza chini ya kipimajoto, kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Tarehe, saa, joto, unyevu, jina la aliyesoma. Akaifungua katikati. Akapindua. Akapindua tena, kurasa kumi kwa pamoja, kisha nyingine kumi.

"Mwandiko ni mmoja," akasema.

"Ehe."

"Hata mwaka mpya. Asubuhi na jioni." Akainua macho. "Wote huu ni wako?"

Jibu hilo sikulifanyia mazoezi. Lilikuja lenyewe, laini, na ulaini wake ndio unaonitisha mpaka leo. "Tunapokezana," nikasema. "Kila mtu anaandika kwenye karatasi, halafu mimi nanakili. Si unajua, ukiwa na mwandiko mzuri wanakufanya karani."

Akacheka. "Hata kazini kwangu ni hivyo hivyo."

Nikacheka na mimi.

Alilifunga lile daftari lake la maswali, akaliweka kwapani. Akasogea karibu, akashusha sauti ingawa hakukuwa na mtu mwingine isipokuwa fukusi.

"Dada, haya ya kwenye karatasi nimeshajibiwa. Sasa niambie wewe, mwanamke kwa mwanamke. Mkuu wa idara lazima aipambe idara yake, ile ni kazi yake. Lakini wewe huna unachopata. Ningekuwa mdogo wako wa tumbo moja, ungeniambia nije?"

Wewe huna unachopata! Nilitaka kucheka mpaka nikae chini. Nikayatazama macho yake, hayakuwa na hila yoyote. Na niape nini mnisadiki, nilifungua mdomo kusema usije. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Kisha nikamkumbuka yule kijana mrefu wa ngazi za nyuma, jinsi alivyoshuka anakimbia bila kugeuka. Sijui kama alinikumbuka hata siku moja.

"Ningekwambia uje," nikasema. "Hutajuta."

Akanikumbatia. Alikuwa mdogo wa mwili, nywele zake zinanukia mafuta ya nazi. Akatoa simu hapo hapo, akatoka nje ya mlango peku, nikamsikia akimshukuru mtu kwa heshima zote, akisema samahani sana kwa usumbufu, akisema ndiyo, nina uhakika, mpeni anayefuata. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Nilikaa kwenye kiti changu cha miaka sita nikasoma joto. Ishirini na saba. Nikaandika.

Mzee Mitungi alimpokea ofisini kwake kwa furaha ambayo haikuwa ya uongo, lazima nimpe haki yake. Aliamka, akavuta kiti, akamuuliza habari za ghala, wakazungumza kuhusu fukusi robo saa, na nilimwona Bibi Shamba anang'aa. Akatia saini barua yake ya kukubali mezani pale, kwa ile kalamu ya bluu. Mzee akampa mkono, akamwomba atangulie chumba cha mitungi akawazoee "wanawe". Mlango ulipofungwa, Mzee akainama, akavuta droo ya chini.

Aliitoa tasnifu yangu, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Akachukua fomu ya idhini, akaandika tarehe, akasaini. Haikufika dakika moja. Nilikuwa nimeiwazia siku hiyo mara nyingi, na kila nilipoiwaza kulikuwa na hotuba ndani yake, yangu au yake. Hakukuwa na hotuba.

"Kazi nzuri sana, mwanangu," akasema.

"Umeisoma, Profesa?"

"Nilikuamini tangu mwanzo." Akanikabidhi karatasi. "Huyu binti anaanza baada ya wiki mbili. Wewe nenda zako kesho, ukamwone mtoto. Amekuwa mkubwa sasa."

"Na mitungi? Hizo wiki mbili?"

"Aa, mhudumu atasoma joto. Si kazi kubwa."

Mhudumu. Mzee mwenye ufagio anayefungua madirisha asubuhi. Miaka sita sikuwahi kulala nje ya mji huu zaidi ya siku moja. Baba yangu alizikwa nikiwa nachekecha mtungi wa mia na tisa, kwa sababu niliambiwa hakuna mtu mwingine. Nikasimama pale na fomu mkononi, nikasubiri hasira ije, maana nina hasira za karibu mimi, kila mtu anajua. Haikuja. Nilichokuwa nacho ni haraka tu. Nikasema ahsante, Profesa. Nikasema ahsante!

Mama Mihuri aligonga muhuri wake juu ya saini, akaupuliza wino ukauke. "Haya," akasema. "Na wewe umepona. Ofisi ya masomo ya juu inafunga saa kumi na nusu, fanya uwahi. Wakishaipokea hairudi tena, hata yeye hawezi kuirudisha." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Ametokea msichana mzuri mwaka huu."

"Mzuri," nikasema.

"Wote huwa wazuri."

Nikamwandikia dada yangu ujumbe: amesaini. Mkoba wangu ulikuwa bado chumba cha mitungi na kitambulisho kilikuwa ndani yake, na bila kitambulisho ofisi ile haimpokei mtu. Ilikuwa saa kumi na dakika chache. Nikavua viatu mlangoni kwa mazoea.

Bibi Shamba alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Alikuwa ameshika chekecheke akilitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, na rejista iko wazi mbele yake. Aliponiona akatabasamu mpaka fizi.

"Profesa amepita hapa sasa hivi akaniambia, kumbe na wewe unamaliza. Hongera, dada. Mbona hukusema?"

"Nilitaka kwanza niwe na uhakika."

"Basi nipe namba yako. Nikikwama nitakupigia, wewe ndiye mwenyeji wangu."

Nikamtajia. Namba yangu inaishia na saba. Nikasema nne.

Sikupanga. Niliziona zile simu zikija, mwaka hadi mwaka: dada, joto limeshuka nifanyeje, dada, Mzee hajasoma sura yangu ya tatu, dada, mama magoti yamezidi, dada, mtoto amenikataa. Sikuwa na nguvu ya kuzipokea. Ya kumleta nilikuwa nayo, ya kumsikiliza sina. Hilo nalisema kama lilivyo.

"Ngoja nikubipu, usevu ya kwangu," akasema, na kabla sijasema lolote kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza.

Nilifungua mkoba nikajifanya natafuta. Simu ikaita upande wake. Alikuwa anataka kuikata, lakini mtu akawahi kupokea. Sauti ya mwanamume, na nyuma yake nyundo zinagonga bati.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Samahani kaka, nimekosea namba," akasema Bibi Shamba kwa adabu, akakata. Akaisoma ile namba kwa sauti, tarakimu moja moja. "Si ndivyo ulivyonitajia?"

Ningeweza kusema ulimi uliteleza. Watu huteleza. Nilikuwa nimeshasema uongo mwingi wenye uzito zaidi siku ile, huu ungepita bila shida. Lakini sikusema kitu, nilikuwa nimeshika kitambulisho changu natazama sakafu.

Kimya kile kilimtosha. Hakuwa mjinga, niliwaambia alikuwa anasoma vitu mpaka mwisho. Akairudia rejista, safari hii polepole, akaanza kuipindua kwenda nyuma. Mwaka huu. Mwaka jana. Akakuta mahali kwenye tone la chai lililolowesha wino, karatasi yenyewe, siyo nakala. Akaweka kidole hapo. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Dada, umekaa hapa miaka mingapi?"

"Sita."

"Na hao mnaopokezana?"

"Hakuna."

"Tasnifu ulimaliza lini?"

"Mwaka jana, mwanzoni."

Niliyajibu yote, haraka haraka, bila kutia chumvi wala kupunguza, na kila jibu lilikuwa kweli tupu. Saa nzima kabla ya hapo lolote kati ya hayo lingemwokoa.

Nilingoja anitukane. Ningempa nafasi, ningesimama pale nikapokea, na pengine ningetoka mwepesi kidogo. Hakunitukana. Hakulia pia. Alitazama saa ya ukutani, saa kumi na dakika kumi na saba, akaitazama fomu yangu yenye muhuri mbichi, na niliona anaielewa ni nini na imepatikanaje. Kisha akainua simu, akatafuta namba aliyoipigia mchana, akapiga. Chumba kile hakina kelele, unasikia fukusi wakila, na nilisikia simu inaita kule kwenye idara ndogo yenye wanafunzi wanne. Ikaita. Ikaita tena.

Kama wangepokea na kumrudishia nafasi yake, angetoka hapo moja kwa moja kwenda kwa Mzee kuichukua barua yake, na Mzee angeniita nirudishe karatasi. Nililiwaza hilo lote kwa mpigo mmoja. Sikutaka wapokee. Mungu ananisikia, nilisimama mbele ya mama wa mtoto wa mwaka na miezi miwili nikaomba wasipokee.

Simu ilikuwa bado inaita nilipochukua mkoba. Sikusubiri. Viatu nilivibeba mkononi, nikapita ubao wa picha na mlango wa Mama Mihuri nikikimbia peku, mtu mzima mimi, na gauni la harusi, nimeikumbatia fomu kifuani. Nilifika dirisha la ofisi likiwa bado wazi. Karani akapokea, akaniuliza mbona nahema hivyo, nikamwambia nilikuwa nachelewa.